Kabati Lililotoka Kabati

Asubuhi hiyo Nzisa alikuwa akichuja chai, kama kawaida. Mama mkwe wake, Kavindu, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, akichambua ndengu. Juu ya kichwa chake lilining'inia kabati la vyombo.

"Mwaitu, si uende ukae sebuleni?" Nzisa alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Huko kuna mwanga."

"Macho yangu yanaona," Kavindu alijibu bila kuinua uso.

Mara ukuta ukalia, kwaa! Msumari ulichomoka pamoja na donge la plasta. Kabati likainama. Nzisa alitupa chujio, akalikinga kabati kwa mabega yake. Sahani zikavunjika miguuni pake.

"Mwaitu, toka! Kiilu! Njoo!"

Kavindu alitoka, ndengu zikatawanyika sakafuni. Kiilu, mume wa Nzisa, alikuja mbio akiwa na povu la sabuni masikioni. Wakalishusha kabati wakiwa wawili. Hakuna aliyeumia.

Kabati hilo lilikuwa zito, la mbao za mukau. Marehemu mume wa Kavindu alilitengeneza kwa mikono yake kule Kabati, Kitui. Kavindu alipokuja kuishi na mwanawe hapa mjini Wote, alikuja nalo. Majirani walilitania: kabati la Kabati.

Kavindu alilipapasa, kisha akasema polepole, "Nimeelewa. Kila siku naambiwa niende sebuleni. Sasa hata kabati langu limekataliwa na ukuta. Kesho Jumamosi tutarudi kwetu, mimi nalo."

Nzisa alimtupia Kiilu jicho, kisha akautazama msumari ulioanguka. Akainama kuokota ndengu.

"Hakuna kwenda, Mama," Kiilu alisema. "Nitapiga misumari mikubwa."

"Hata upige ya reli!" sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Nthenya, jirani yao. Nthenya ni fundi wa vyuma, na alikuwa amesikia kishindo. "Kiilu, wewe ulining'iniza ng'ombe kwa uzi."

"Si lilikaa mwaka mzima?"

"Lilikuwa linakuonea huruma." Nthenya alichokora tundu la msumari kwa kidole. Unga ulimwagika. "Unaona? Ulipiga katikati ya matofali, kwenye udongo mkavu. Na waya wa kulining'inizia uliufunga kwenye ubao wa nyuma, mwembamba kama biskuti. Wacha nikuletee dawa yake."

Mchana alirudi na drili, pimamaji na vipande viwili virefu vya chuma. Kila kipande kilikuwa na ukingo uliokunjwa.

"Hizi ni reli za kuning'inizia," alisema. "Mama, nipe mkono. Kunja vidole vielekee juu. Mimi nakunja vyangu vielekee chini. Sasa vuta."

Kavindu alivuta. Vidole vyao havikuachana.

"Nikibonyeza chini je?"

"Vinashikana zaidi!" Kavindu akasahau hasira yake. "Aiya! Kumbe uzito wenyewe ndio unafunga!"

"Ndivyo. Reli moja inakaa ukutani, ukingo ukitazama juu. Nyingine iko nyuma ya kabati, ukingo ukitazama chini. Na reli ni ndefu, kwa hivyo mzigo haubebwi na msumari mmoja. Skrubu zote zinasaidiana."

Kwanza Nthenya aliuliza nyaya za umeme zinapita wapi, asije akazitoboa. Kisha akagonga ukuta akitafuta matofali. Alitoboa kwenye tofali lenyewe, akaingiza fisha, vile vishikizo vya plastiki, ndipo akakaza skrubu. Aliweka pimamaji juu ya reli mpaka kiputo cha hewa ndani yake kikatulia katikati. Reli ya pili aliifunga kwenye fremu nene ya kabati. Chini, nyuma ya kabati, akapigilia kijiti chenye unene sawa na reli, ili kabati lisiegemee ukuta kwa chini.

"Haya, Kiilu, shika upande ule. Tuliinue juu kidogo ya reli, halafu tulishushe taratibu."

Kabati lilishuka na kutulia. Tak! Kiilu alilitikisa. Halikusogea.

"Na hakuna msumari hata mmoja unaoonekana," alinong'ona. "Nthenya, wewe ni moto."

"Bado. Wekeni gunia la ndengu ndani mpaka kesho. Mtu asikae chini yake. Mkiona halijasogea, rudisheni vyombo. Vizito viwe rafu ya chini."

Kesho yake kabati lilikuwa pale pale, limenyooka. Reli haikuwa imelegea hata kidogo. Nzisa alipanga vikombe vilivyosalia. Kisha akaona mkoba wa Kavindu mlangoni, umefungwa tayari. Ilikuwa Jumamosi.

Alichukua kigoda kilichokuwa kimehamishiwa sebuleni. Akakiweka jikoni, chini ya kabati, mahali pale pa zamani.

Kavindu alisimama mlangoni. "Leo umenipa ruhusa ya kukaa jikoni?"

Safari hii Nzisa hakuinama; alimtazama usoni.

"Mwaitu, sikuwa nakufukuza. Niliogopa kabati litakuangukia. Nikaona haya kukuambia kwamba mwanao hajui kupiga msumari." Akaushika ule mkoba. "Usiende Kabati. Nataka ukae hapa na mimi."