Kilichopanda Bombani

Wewe unayejiita jasiri, funika miguu kwanza ndipo usome. Mimi shule niliikimbia mapema na hapa mjini Gimhae simwogopi mtu, lakini haya yalimpata kaka yangu Gi-tae mbele ya macho yangu, mchana kweupe, tumetoka tu kula supu ya maharage.

Kiwandani kwetu alumini iliyoyeyuka ilikuwa ikichotwa kwa upawa na mzee Pyo, mpaka siku alipoanguka akafa mbele ya tanuri. Bosi akaleta pampu ya sumaku. Haina panga wala gurudumu. Umeme ukipita, uji wa alumini unapanda bombani wenyewe, kimya. Siku ya kuizindua tuliandaa meza ya tambiko, kichwa cha nguruwe na pombe ya mchele, tukasujudu. Ila bosi aliogopa tone la pombe lisije likarukia tanurini likatulipua, akaielekeza meza kwenye kabati la swichi. Gi-tae akaninong'oneza kwamba tumelipa tanuri mgongo, tumempa mzee Pyo kisogo. Nikamcheka, nikamuuliza tangu lini maiti akatamani nguruwe.

Wiki ile ile pampu ikaziba. Nikazima umeme, nikaifunga swichi kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Gi-tae akainamia mdomo wa bomba, akaanza kukwangua uchafu kwa fimbo ya chuma.

Fimbo ikakwama. Kisha ikavutwa chini.

"Umewasha?" akanong'ona.

"Ufunguo ninao, kaka. Achia fimbo."

"Siwezi. Amenishika."

Nikachungulia. Wekundu hafifu ulikuwa unapanda bombani. Taratibu. Bila sauti. Nyusi za kaka zikaanza kunuka kuungua.

"Mdogo wangu, msujudie."

Mimi, nisiyemwinamia hata polisi. Nikaligeukia tanuri, nikapiga magoti, paji likagusa sakafu. Mara mbili, kama tunavyowasujudia wafu wetu.

"Mzee Pyo, tusamehe. Kaka ana mtoto mchanga."

Nilipoinua kichwa, uji ulikuwa umefika ukingoni, upana wa kidole kimoja tu kutoka kifuani mwa kaka. Ukatetemeka. Ukashuka.

Siku hizi Gi-tae anauza kuku wa kukaanga. Jikoni hasogei, mkewe ndiye anayekaanga.

Bomba lile tulilipasua. Ndani alumini ilikuwa imeganda utando mwembamba, una michirizi minne minne, yote ikielekea juu. Na bomba lenyewe hata mkono wa mtoto haupiti. Fundi wa waliotuuzia pampu akaja, akatazama, akasema ni mawimbi tu ya sumaku.

Mawimbi gani yana kucha?