Mvinyo Uliofunguliwa Mapema

Jumamosi ile duka la vyakula vya Kiafrika pale Garland, huko ughaibuni, lilijaa watu hadi mlangoni. Prudensia, nesi wa Kitanzania, alikuwa na gauni la kitenge cha maua ya njano na raba zake nyeupe za kazini. Aliishika pakiti ya mwisho ya kisamvu, kumbe na mkono mwingine umeishika.

"Dada, hiyo sombe niliiona mimi kwanza," akasema kijana mmoja mrefu, shati lake limenyooshwa pasi vizuri.

"Kuona si kushika, kaka."

"Basi kapike wewe, mimi nije kula."

Prudensia akacheka, na wakaanzia hapo. Kijana aliitwa Macaire, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa akipanga makasha katika ghala la vinywaji huko Mesquite. Kila jioni akipiga simu alianza na lilelile: "Umekula, mpenzi, au umelisha wagonjwa tu?"

Miezi minane ikapita. Siku moja akaja nyumbani kwa Prudensia, Grand Prairie, amevaa suti ya kijivu, mkononi chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa. Kwenye lebo palichorwa nyumba ya mawe, na chini yake jina la ukoo.

"Hawa wanalima zabibu zao wenyewe," akaeleza. "Babu alipanda, mjukuu anakamua. Vizazi vitano, shamba lilelile. Nimebeba makasha ya kila aina, lakini huu ndio nilioununua." Akamkabidhi. "Itunze hiyo chupa. Jumapili saa kumi nakuja na mjomba kukusalimia."

Prudensia akaiweka juu ya friji.

Jumapili hiyo zamu ya kukaribisha jumuiya ya kanisa ilikuwa kwake. Sala zikarefuka, soda zikapungua, na Mama Queen, mmoja wa wanajumuiya, macho yake yakapanda juu ya friji.

"Prudensia, unatuficha?"

Akaona aibu. Kwao mgeni hafichwi kitu. Akafungua, wakaonja, wakakunja nyuso kwa ule ukali, wakauchanganya na Coca-Cola ukanyweka vizuri sana.

Saa kumi kamili Macaire akaingia na mjomba wake, mzee Godefroid, wote na tai. Mzee akaitazama chupa tupu mezani, akamtazama Macaire, akasema maneno mawili ya Kirundi. Wakakaa, wakanywa maji, wakaaga.

Toka siku hiyo kila alipopiga, Macaire hakupokea simu. Wiki ya tatu Prudensia akasikia kwamba Macaire amehamia Houston. Akampigia mzee.

"Shikamoo, baba. Nimemkosea nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kwetu kinywaji hutangulia, neno la posa hulisema wakubwa. Nyumba ikikinywa kabla hatujasema, imetukataa."

Prudensia akakaa chini, pale pale sakafuni jikoni, simu sikioni.

Jumamosi akaendesha gari mwendo wa saa nne hadi Houston. Macaire alitoka kwenye ghala lake jipya na kizibao chake cha kazi cha kung'aa, akasimama mbali kidogo na gari.

"Ungeniambia, Macaire."

"Kwetu neno la posa anayeoa halisemi mwenyewe."

"Na kwetu mgeni hanyimwi. Sasa mimi ningejuaje?"

Macaire akainamisha kichwa. "Mvinyo ulikuwaje, angalau?"

"Mkali. Tuliuchanganya na Coca."

Macaire akaziba uso kwa viganja, mabega yakatikisika. "Vizazi vitano, Prudensia." Kisha kicheko kikakatika. "Niliuchagua kwa sababu wale hawajahama. Sisi tumefukuzwa mara tatu, nyumba tukaziacha na vyungu mekoni. Nilitaka tuanze na kitu cha watu waliokaa."

"Na sasa umehama mara ya nne. Mara hii hakukufukuza mtu."

Prudensia akamsogelea, moyo ukimwenda mbio kuliko siku ya mtihani wa unesi.

"Nataka unioe. Nimelisema mwenyewe, kwenu na kwetu wacheke wakipenda."

"Mjomba atasema nini?"

"Anwani ya hapa unadhani kanipa nani?"

Macaire akavua kizibao taratibu, akakikunja vizuri kama shati la kanisani, akauliza kama kwenye gari kuna nafasi ya mabegi mawili.