Kola ya Mzee Kina

Palikuwa na fundi cherehani mmoja ambaye mume wake alipenda mno kupima. Mume akipewa chai, aliangalia kwanza imefika wapi kwenye kikombe. Akienda kuchota maji, alitumbukiza fimbo ndani ya pipa na kutangaza kwa sauti: "Sentimita arobaini na mbili!" Watu wa mtaa walimwita Mzee Kina. Mkewe walimwita Fundi tu, naye aliridhika, kwa sababu jina hilo alikuwa amelitolea jasho.

Mzee Kina hakuzaliwa na tabia hiyo. Kwa miaka thelathini alifanya kazi kwenye meli ya ofisi ya upimaji wa bahari. Alikaa mbele ya mashine ya kupimia kina. Mashine hiyo ilituma sauti chini majini. Sauti ikigonga sakafu ya bahari, ilirudi. Ikichelewa kurudi, kina kilikuwa kikubwa. Kalamu ya mashine ilichora umbo la sakafu kwenye mkanda mrefu wa karatasi. Kila robo saa, Mzee Kina alipiga alama ya penseli na kuandika saa na mahali meli ilipo.

"Alikuwa ananiacha miezi miwili," Fundi aliwaambia wateja wake. "Akirudi, zawadi yake ni habari za matope."

Alisema hivyo huku akicheka. Kikombe cha mume wake alikijaza mpaka ukingoni kila siku, ili mzee asipate la kusema.

Siku moja alasiri, Fundi alikuwa peke yake chumbani mwake mwa kushonea. Mzee Kina alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Akaingia mchora ramani, binti wa kaka mkubwa wa Mzee Kina. Alifanya kazi katika ofisi ile ile ya baba yake mdogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna? Kaa hapo, toa hiyo sketi kwanza, ina pini."

"Baba mdogo yuko?"

"Kaenda kunyolewa nywele zake tatu. Atakawia, maana lazima azipime."

Mchora ramani alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Afadhali hayupo. Nimekuja kwa ajili yake. Unajua nchi yetu inaomba mpaka wa rafu ya bara?"

"Nasikia redioni. Ila nikuambie kweli, sijawahi kuelewa. Rafu gani hiyo iliyoko baharini?"

Mchora ramani akasimama. Aliona juu ya meza ya kukatia kitambaa kizito cha mapazia. Akakivuta hadi nusu yake ikaning'inia ukingoni, na ncha ikalala sakafuni.

"Tuseme ukutani kule ndiko pwani. Nchi kavu haiishii pale unapolowa miguu. Inaendelea chini ya maji. Kwanza ni tambarare, kama huu uso wa meza. Hiyo ndiyo rafu. Halafu inateremka, kama kitambaa kinavyoning'inia. Mwisho mteremko unakwisha, sakafu ya bahari inalala. Hapa kwenye mkunjo, mteremko unapoishia, tunapaita kitako cha mteremko."

Fundi akainama kupatazama. "Sawa. Sasa mpaka uko wapi?"

"Kila nchi yenye pwani inapewa sakafu ya bahari hadi maili mia mbili za bahari. Zinahesabiwa kutoka pale maji yanapoishia yakiwa yamekupwa. Hizo haziombwi. Lakini kama nchi kavu imeendelea chini ya maji kupita hapo, nchi inaweza kudai zaidi. Ila lazima ithibitishe."

"Inathibitisha vipi?"

"Inatafuta kitako cha mteremko. Kutoka hapo inaweza kupima maili sitini kwenda nje na kuweka alama. Au inaweza kufuata mashapo, yaani udongo uliojikusanya juu ya mwamba kwa miaka mingi. Inakwenda nayo mpaka unene wake ubaki asilimia moja tu ya umbali kutoka kwenye kitako. Njia inayofika mbali zaidi ndiyo inayochukuliwa."

"Basi mtu mwenye matope mengi atachukua bahari nzima!"

"Hapana, mama mdogo, kuna kizuizi. Mstari usipite maili mia tatu na hamsini kutoka pwani. Au usipite maili mia moja kutoka pale kina kinapofika mita elfu mbili na mia tano. Mwisho zile alama zinaunganishwa kwa mistari iliyonyooka, na hakuna mstari unaozidi maili sitini."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Mambo ya kuweka alama na kuunganisha alama aliyajua. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, kwa chaki.

"Na tukipata, tutawafukuza wenye meli?"

"Wala! Kule nje maji ya juu ni ya watu wote. Meli zitapita, na samaki wanaoogelea hawatakuwa wetu peke yetu. Chetu ni cha sakafuni na chini yake: madini, mafuta, gesi, na viumbe wasiobanduka sakafuni."

"Nani anasema ndiyo?"

"Ipo tume ya wataalamu ishirini na mmoja kutoka nchi mbalimbali. Nchi inapeleka ushahidi wake, wao wanauchunguza na kutoa mapendekezo. Nchi ikiweka mstari kwa kuyafuata, mstari huo ni wa mwisho. Kama majirani wawili wanagombea mahali, tume haiwaamulii. Hayo watayamaliza wenyewe."

"Vizuri. Sasa wewe umenuna nini?"

Mchora ramani akashusha pumzi. "Wataalamu wametuuliza kuhusu kitako kimoja cha mteremko. Tunazo namba zake kitabuni, lakini wanataka kuona mchoro wenyewe wa mashine, na hatuna. Hilo ni pimo la baba mdogo. Bila mchoro, alama tuliyoipima kutoka hapo itafutwa na mstari wetu utarudi ndani. Meli ya kwenda kupima upya hatuna mwaka huu. Asubuhi nilimpigia simu. Akaniambia mkanda ulisahauliwa nyuma ya kabati ofisi ilipohama. Aliuchukua yeye, akausahau hapa nyumbani, kisha akaupoteza. 'Kosa ni langu,' akasema. Kesho mkuu wa ofisi anaandika barua kwa tume. Jina la baba mdogo litakuwa ndani yake, kwamba yeye ndiye aliyepoteza hati ya nchi."

Fundi akakaa juu ya kiti cha cherehani.

Aliukumbuka mkanda ule. Ulikaa juu ya kabati la nguo, umeviringishwa, una vumbi. Kila siku mume wake alisema ataurudisha kesho. Siku moja karatasi za kutengenezea violezo zilimwishia, na wateja walikuwa wanamsubiri. Karatasi ile ilikuwa imara, na upana wake ulitosha kola, mifuko na mikono ya nguo za watoto. Akachukua mkasi. Miaka tisa ilikuwa imepita, na hakumwambia mume wake hata neno.

Angeweza kunyamaza hata sasa. Mzee alikwisha kusema ameupoteza, na hakuna ambaye angemuuliza fundi cherehani. Lakini alimfikiria mume wake anasomewa barua ile, mtu aliyepima bahari kwa miaka thelathini bila kukosea robo saa. Akapiga moyo konde.

"Hakuupoteza," alisema. "Niliukata mimi."

"Uliukata?"

Fundi akanyoosha kidole ukutani. Kwenye msumari mkubwa zilining'inia karatasi nyingi zilizotobolewa: kola, mifuko, mikono, mapindo ya mikono. Akazishusha, akageuza moja. Nyuma yake palikuwa na mstari mweusi wa mawimbi, na kando yake, kwa penseli, saa iliyoandikwa kwa mwandiko wa Mzee Kina.

Mchora ramani aliziba mdomo kwa mikono miwili. Fundi alidhani analia, kumbe anacheka.

"Mama mdogo, umewavalisha watoto wa mtaa mzima bahari!"

"Nicheke au nilie?"

"Tuunganishe kwanza. Leta na mabaki, kama yapo."

Mabaki yalikuwepo. Fundi hakuwa mtu wa kutupa. Alileta mfuko mzima, wakasafisha meza na kuanza kazi. Mchora ramani alisoma saa: saa nne na robo, saa nne na nusu. Fundi ndiye aliyejua kuunganisha. Kwa miaka mingi alikuwa akilinganisha maua ya kitambaa kwenye mshono, ili ua lisikatike katikati ya kifua cha mtu. Sasa alilinganisha mstari wa bahari. Mfuko wa suruali ulikaa na mkono wa gauni. Mkono wa gauni ukakaa na kipande chembamba cha mabaki. Kidogo kidogo meza ikajaa, na mteremko ukaonekana, unashuka, unashuka.

Kisha ukakatika.

"Saa saba na nusu hadi saa nane," mchora ramani alisema. "Hapa ndipo penyewe. Hapa ndipo kitako. Kipande hiki kiko wapi?"

Fundi alitazama nafasi tupu mezani. Umbo lake alilijua hata akifumba macho. "Ni kola," alisema polepole. "Kola kubwa ya kiume. Niliikata siku niliyomshonea mzee shati lake la kustaafu. Sijaiona tena tangu siku hiyo."

Walitafuta kwenye makabati, chini ya cherehani, ndani ya sanduku la vifungo. Hawakuiona. Wakiwa bado wameinama, mlango ukafunguliwa. Mzee Kina aliingia, kichwa kinang'aa.

Aliona meza. Akaona mkewe amepiga magoti sakafuni. Akaelewa yote.

"Mume wangu," Fundi alianza. "Nilikukosea. Ule mkanda niliukata mimi. Nimekuficha miaka tisa."

"Najua," alisema Mzee Kina.

"Unajua?"

"Nilikukuta unakata. Ulikuwa unaimba. Nikarudi nje."

"Kwa nini hukunigombeza?"

"Kosa lilianza kwangu. Mkanda ule haukuwa wangu kuuweka nyumbani. Ningeurudisha siku ile ile, mkasi wako usingeuona." Akapapasa shingo yake. "Halafu shati lile lilinikaa vizuri sana shingoni."

Akaingia chumba cha ndani. Alirudi na bahasha ambamo aliweka cheti cha ndoa na vyeti vingine vya maana. Kutoka ndani yake akatoa kola ya karatasi. Juu yake mstari mweusi ulishuka kwa ukali, ukajikunja, ukalala.

"Saa saba na dakika arobaini," alisema. "Hiyo ndiyo siku yangu bora kazini. Sikutaka uipeleke kwa mteja."

"Sasa baba mdogo," mchora ramani aliuliza, "mbona asubuhi hukuniambia unayo?"

"Ningekupa kola, ungeuliza nani kaikata. Ningesema nini? Kwamba mke wangu kaharibu mali ya nchi? Bora niitwe mimi mzembe, mimi nimeshazeeka."

Fundi alimtazama mume wake. Alitaka kumkumbatia na kumfokea kwa pamoja. Akaanza na kumfokea. "Kumbe uliniacha nilale na siri yangu miaka tisa, na wewe unayo yako! Lete hiyo kola hapa."

Aliiweka mwenyewe. Mstari ulikutana na mstari, pande zote mbili, bila kupishana hata kidogo.

Kesho yake walikwenda ofisini watu watatu. Mkuu wa ofisi alisikiliza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hatutaficha kitu," alisema. "Tukificha, hata pimo la kweli litatiliwa shaka. Tutaeleza mkanda ulitoka wapi, nani aliukata, na uliunganishwa vipi. Kisha tutalinganisha kila robo saa na kitabu cha meli."

Fundi na Mzee Kina walitia sahihi maelezo yao. Mkanda ukapigwa picha, kipande kwa kipande. Namba zote zililingana na kitabu. Vipande vikawekwa katika chumba cha kumbukumbu, ndani ya kabati lenye kufuli. Tangu siku hiyo ofisi iliweka amri mpya: hati yoyote ikihamishwa, huandikwa inakwenda wapi na inachukuliwa na nani. Hakuna tena kusema "nitairudisha kesho".

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Tume ilileta mapendekezo yake, na kitako kile cha mteremko kilikubaliwa. Serikali ikaweka mstari kama ilivyopendekezwa, ikapeleka ramani zake kwenye Umoja wa Mataifa, na mpaka ukawa wa kudumu. Ramani kubwa ilitundikwa kwenye ukumbi wa ofisi. Fundi aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kola yangu iko wapi?"

Mchora ramani alimwonyesha alama moja ndogo, mbali sana na pwani, iliyopimwa kutoka kwenye kitako kile. Mistari miwili iliyonyooka ilikutana hapo. Fundi aliitazama kwa muda mrefu, na machozi yakamlenga.

Jioni ile Mzee Kina alirudi nyumbani na furushi kwapani. Lilikuwa mkanda wa karatasi, mpya kabisa. Mashine za siku hizi hazichori tena kwenye karatasi, na mkuu wa ofisi alikuwa amempa. Aliukunjua juu ya meza ya kukatia. Ulikuwa mweupe tupu, mwanzo hadi mwisho.

"Huu haujapima kitu," alisema. "Kata."

Fundi akachukua mkasi. Kisha akauweka chini, akavuta tepu yake kutoka shingoni.

"Simama wima kwanza," alisema. "Lile shati limechakaa. Inua kidevu."

Mzee Kina akasimama wima, akainua kidevu, na safari hii akapimwa yeye.