Jini wa Kupanga Kurasa

Tk. Tk-tk. Usiku wa manane, vitufe vya kompyuta vinabonyezwa sebuleni, na karani yuko kitandani na kichanga chake. Mume kasafiri. Wifi yake, aliyekuja kumsaidia kulea, anakoroma kwenye godoro la chini. Nani basi?

Aliinuka akaenda sebuleni, hasira ikizidi woga. Ripoti ilitakiwa asubuhi na bosi aliyemwambia, "Kuchapa tu? Hata paka anaweza!" Na tangu jioni ile programu ya kuandikia ilikuwa inamcheka: ukisogeza picha kidogo, jedwali linarukia ukurasa wa pili, ukilirudisha jedwali, namba za kurasa zinaanza upya. Sasa picha ilikuwa inajisogeza yenyewe, na sebule inanuka nywele zilizoungua.

"Jini gani wewe?" alisonya kwa sauti ya chini. "Wenzako wanang'oa mapaa ya nyumba, wewe unasukumana na vijedwali! Huna hata haya?"

Kikachomoza kisanduku chenye maneno madogo madogo, na chini yake Ndiyo na Hapana. Akabonyeza Ndiyo bila kusoma, kama anavyovifanyia vyote, viondoke tu. Ripoti ikajipanga, ikanyooka kama imepigwa pasi.

"Wifi!" Sauti kutoka chumbani. "Njoo! Mtoto analia lakini hatoi sauti!"

Mdomo wazi, machozi yanatiririka, kimya. Karani akamnyakua, akarudi naye mbio sebuleni, wifi nyuma yake, na kisanduku bado kipo kinawangoja, wifi akakisoma kwa sauti, kwamba kurasa zitapangwa na badala yake itachukuliwa sauti ya mtoto.

"Wifi, ulikubali haya?"

"Nani anasoma hivyo vitu, jamani!"

"Tengua! Tengua!"

Karani akabonyeza kitufe cha kutengua, na kila alipobonyeza aya moja ilifutika na koo la mtoto likakwaruza kidogo, akabonyeza tena, majedwali yakaenda, utangulizi ukaenda, kazi ya wiki nzima na huenda ajira yenyewe vikaenda, "Chukua, mshenzi wewe, chukua yote," akabonyeza mpaka ukurasa ukabaki mweupe pe na mtoto akapiga ukelele wa kuamsha mtaa.

Walimkumbatia wote wawili.

"Hukuona kitu," karani alinong'ona.

"Nione nini? Simwambii mtu, wifi. Hata kaka."

Kwenye ukurasa mweupe herufi zikajichapa, moja moja, bila haraka:

Na mimi simwambii mtu.