Kiti cha Trekta

Rafiki yangu mmoja ni fundi mitambo, na si mtu wa kutishika ovyo. Haya alinisimulia mara moja tu, na hakucheka.

Mjane mmoja alimwita amtengenezee trekta dogo la bustani, kuukuu, la marehemu mumewe. Mkono wa nyuma ulikuwa haunyanyui tena jembe.

"Mvua iko karibu, mwanangu," alisema. "Nisipolima sasa, mwaka huu nimekwisha."

Ulikuwa mchana, lakini banda la trekta halikuwa na dirisha, na giza lake lilikuwa zito. Fundi alibadilisha chujio, akaongeza oili, akafunga geji ya presha, akawasha injini. Sindano ikatikisika kidogo, ikalala. Pampu ya kusukuma oili imechoka, aliwaza. Akazima injini, akaingia chini na tochi yake kuifungua.

Kimya kikatanda. Mara springi za kiti zikalia juu yake, kama anapokaa mtu mzito. Levya ya kunyanyulia jembe ikagonga chuma. Mkono wa nyuma ukaanza kupanda, taratibu, ukiguna. Akamulika geji: sindano ilikuwa imepanda hadi mwisho, na injini imezimwa.

"Mama, achia hiyo levya, utaniponda!"

"Levya gani, mwanangu?" Sauti ya mjane ilitoka mbali, kule jikoni.

Alitambaa akatoka, spana akaziacha hapohapo. Mlangoni aligeuka, akamulika. Jembe lilikuwa linaning'inia hewani. Kiti kilikuwa kitupu, ngozi yake imebonyea katikati. Kisha, mbele ya macho yake, ikabonyea zaidi upande mmoja, kama mtu aliyekaa anapogeuka kuangalia mlangoni.