Aliyebonyeza Mwamini

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, mfagizi alifungua chumba cha kurekodia akamkuta bosi wake kitini, waya wa spika umemzama shingoni.

Mchezo wa kompyuta aliouunda marehemu ulikuwa bado unacheza kwenye skrini. Mwanamke anatabasamu, chini yake vitufe viwili: MKIMBIE. MWAMINI.

Nani hakuujua mchezo ule? Wewe ni mwanamume, unatafuta mke mtandaoni, na kila mwanamke unayekutana naye ni tapeli wa mapenzi. Ukimwamini, umekwisha. Wanaume waliucheza wakicheka, wanawake wakaandamana, wakubwa wakaunda kamati. Kamati za wakubwa tunazijua. Zinakaa, zinakunywa chai, na aliyekufa keshazikwa.

"Waliotishia kumuua ni wangapi?" Inspekta aliuliza.

"Wanawake mia tatu na ushee, afande," sajini akajibu. "Na mke wangu yumo."

Inspekta hakucheka. Alizunguka kiti taratibu.

"Mlango haukuvunjwa. Marehemu hakugeuka hata kutazama. Aliyeingia alikuwa mtu aliyezoeleka humu."

Akamwita fundi wa kompyuta, kijasho kinamtoka.

"Wafanyakazi huwa mnaucheza?"

"Ni kazi yetu, mama. Mashine inaweka kumbukumbu ya kila kitufe, tujue wapi mchezo unachosha."

"Nani hubonyeza Mwamini?"

"Hakuna. Labda mara moja, kwa kujaribu. Ukimwamini si unapoteza?"

"Tazama."

Fundi akapekua. Mkono ukasimama.

"Yupo mmoja. Mara arobaini na moja. Mwanamke huyuhuyu wa kwenye skrini. Kila siku saa ya chakula cha mchana... kompyuta ya getini."

Mlinzi alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi likanyooka. Alisimama kabla hajaambiwa.

"Mzee wangu, nionyeshe viganja."

Akavionyesha. Mstari mwekundu ulikuwa umepita katikati ya vyote viwili.

"Kwa nini ulikuwa unamwamini yule mwanamke?"

"Kwa sababu alikuwa anasema kweli, afande." Sauti yake ilikuwa ya chini. "'Usiponijibu leo nitakaa na simu mkononi kama mjinga.' Maneno hayo ni ya mdogo wangu. Alimwandikia mwanamume aliyemdanganya atamuoa, akamkomba mpaka cherehani. Tulikwenda kituoni kwenu. Wakamcheka, mtu mzima na mapenzi ya simu! Wakachapa jumbe zake zote, wakaziweka kwenye jalada."

"Kisha?"

"Kisha akapita kwa kinyozi, akasikia vijana wanacheza. Maneno yake mwenyewe, yamewekwa kinywani mwa tapeli. Vijana wanamtukana, wanacheka. Akaenda kujifungia ndani. Mlango niliuvunja mimi, nikamkuta keshakufa."

Sajini akaangalia viatu vyake.

"Nilimwomba bosi ayatoe," mzee akaendelea. "Wiki tatu namwomba. Leo nikaingia nikamwomba tena. Akasema hapo ndipo wateja wanapopenda zaidi. Akanipa mgongo, akawasha kipande hicho nisikie."

"Ukamnyonga."

"Nikamnyonga. Sikatai, andika."

Sajini akatoa pingu. Mzee akanyoosha mikono bila kusukumwa, lakini macho hayakubanduka kwa Inspekta.

"Mimi mmenipata, afande, tena kwa nusu siku. Haya, lile jalada lilikuwa ndani ya kabati lenu, na funguo ni zenu. Nani alilitoa?"