Tarehe Aliyoiandika Shemeji

Haya siyasimulii kwa kupenda. Dada yangu ameniruhusu. Shemeji hakusema ndiyo wala hapana. Alinitazama, akarudi kunywa chai yake.

Shemeji ni fundi wa kompyuta, lakini si hizi mpya. Yeye huitwa pale kitu cha zamani kinapokataa kufa: programu ya kiwanda, mashine ya kukatia mabati, mfumo ulioundwa na kampuni iliyokwisha kufungwa na watu wake kutawanyika. "Mimi ni muuguzi wa wazee," hupenda kusema. Ni kazi ya kuchosha. Hurudi nyumbani macho mekundu, hula kimya, husinzia kitini na kijiko bado kiko mkononi. Dada ni fundi cherehani, naye amechoka kwa namna yake. Hawana mtoto. Walipata mimba moja, tukiwa bado vijana, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake. Hakulia. Baada ya maziko hakuna aliyelitaja tena jambo lile, hata mimi.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Mimi hufanya kazi bekari, mchana huwa huru, kwa hiyo shemeji aliniomba nimsaidie kubeba kompyuta mpya hadi kliniki moja mtaa wa nyuma. Ya zamani, ile ya chumba cha eksirei, ilikuwa imeungua. Mashine ya kupigia picha ilikuwa nzima kabisa, ila ilisikilizana na programu moja tu, ya kizamani, na programu hiyo haikutaka kukaa kwenye kompyuta ya sasa.

Mwenye chumba alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Usipumue, kwa sababu ndilo neno analowaambia wagonjwa kabla ya kubonyeza. Hata akikusalimia njiani unajikuta umebana pumzi.

"Fundi," alisema, "nina watu foleni hadi mlangoni. Nifufulie huyu mzee."

Shemeji alinieleza anachofanya, nami naeleza nilivyoelewa. Ndani ya kompyuta mpya alitengeneza kompyuta nyingine, isiyoshikika, inayojiona kuwa ni ile ya zamani. Mfumo wa zamani akauweka humo, na programu humo humo. "Itaishi mle ndani," alisema, "bila kujua kwamba dunia imehama."

Programu ikafunguka, ikagoma. Maandishi yalisema muda wa kibali umekwisha, wasiliana na kampuni. Kampuni haikuwepo tena duniani. Shemeji alipiga mwayo mrefu, akajipangusa uso.

"Tutaidanganya," alisema.

Akairudisha nyuma saa ya ile kompyuta ya ndani. Nyuma sana. Akaandika tarehe bila kufikiri. Niliviona vidole vyake vikienda vyenyewe, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Kisha akaipangia kwamba kila ikiwashwa ianze na asubuhi ya tarehe ile ile, na akamsihi Mama Usipumue aizime kila jioni. Programu ikakubali. Foleni ikaanza kusogea.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa dereva mstaafu wa lori, aliyewahi kuvunjika paja na kuwekewa chuma. Picha ilipotokea kwenye kioo, mfupa ulikuwa safi. Hakukuwa na chuma wala kovu la kuungwa.

"Mzee, chuma umekiuza?" Mama Usipumue alitania.

Mzee hakucheka. Alilishika paja lake. "Kipo," alisema. "Nakisikia kila kukiwa na baridi."

Mama Usipumue akampiga picha tena. Mfupa ukaja ule ule, mzima, wa kijana.

Shemeji alidhani picha zimechanganyika na za zamani, lakini hakuna picha ya zamani iliyohamishwa. Diski yote ilikuwa imeungua. Alikagua waya, akakagua programu, akachoka, akasema atarudi kesho. Fundi aliyechoka husema hivyo.

Wiki hiyo dada alikamatwa na kiuno. Kuinama kwenye cherehani miaka yote hiyo si mchezo. Nikampeleka mimi kliniki. Nilikaa nje kwenye benchi, nikasikia Mama Usipumue akisema neno lake, nikasikia mashine ikilia. Kisha mlango ukafunguka kidogo, akanivuta ndani kwa mkono.

"Dada," alimnong'oneza dada yangu, "mbona hukuniambia una mimba? Mtu mwenye mimba hapigwi eksirei!"

Dada alikuwa amepita hamsini. Alitaka kucheka. Kisha akatazama kioo.

Uti wa mgongo ulionekana vizuri. Mbele yake, amejikunja, kulikuwa na mtoto. Kichwa, mbavu nyembamba kama meno ya kitana, miguu iliyokunjwa. Alikuwa ametupa kisogo.

Dada hakupiga kelele. Aliinama mpaka kwenye kona ya chini ya picha, ambako programu huandika siku. Akaisoma. Akakaa chini sakafuni.

"Ni nani aliyeandika tarehe hii?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Ni siku moja kabla," alisema. "Siku hiyo alikuwa bado anacheza."

Jioni ile walizungumza jikoni, nami nikiwa mlangoni. Shemeji aliapa kwamba hakukusudia; ilikuwa tarehe ya kwanza iliyomjia. Namwamini. Nadhani ilikuwa imekaa kwenye vidole vyake miaka yote ile. Lakini baada ya kujua, hakuibadilisha. Hilo ndilo lililofuata, na ndilo lililotuumiza.

Alianza kwenda kliniki kila asubuhi kuwasha kompyuta mwenyewe, na kila jioni kuizima kwa mkono wake. Kazi zake nyingine akaziacha. Alikonda. Nikamuuliza, shemeji, unafanya nini?

"Ikilala inawaka, saa yake itavuka," alisema kwa sauti ya chini. "Mle ndani itafika kesho. Unajua kesho yake ni nini."

Dada naye akabadilika. Alirudi kupigwa picha mara ya pili. Mama Usipumue alikataa, akabembelezwa, akakubali. Safari hii mtoto alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama upande wetu.

Siku moja nilimkuta dada amesimama uani, nguo zilizoloa mikononi, hazianiki. "Mdogo wangu," aliniita polepole. "Njoo." Akaukamata mkono wangu, akauweka tumboni kwake. Tumbo lilikuwa bapa, la mwanamke wa umri wake.

Kitu kikanisukuma kutoka ndani.

Niliuondoa mkono kama niliyeshika sufuria ya moto. Yeye alikuwa akitabasamu, na chini ya macho yake ngozi ilikuwa imeingia weusi.

Ingeweza kuendelea hivyo mpaka wote wawili waishe. Kilichotuzuia ni mama mmoja muuza mboga, jirani, aliyekuwa akikohoa. Kliniki ilimpiga picha ya kifua. Mapafu yalikuwa safi kabisa, ya msichana. Akaambiwa ni mafua, akapewa dawa, akarudi kwenye meza yake ya mboga. Baadaye alianguka. Hospitali kubwa ilimpiga picha nyingine na binti yake akaileta kliniki kwa hasira.

Mama Usipumue aliziweka picha zote mbili kwenye taa, ubavu kwa ubavu. Mtu mmoja, jina moja. Ile ya hospitali ilikuwa imejaa mawingu toka juu hadi chini. Hakutania siku hiyo. Alimtuma mtu atuite.

Tulikuta chumba hakina wagonjwa. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani.

"Fundi, mashine yako inapiga watu waliokwisha kupita," alisema. "Inawaona walivyokuwa. Nimewarudisha wangapi nyumbani na ugonjwa wao? Izime. Kama huwezi, naivunja."

Shemeji alisimama mbele ya kompyuta akatandaza mikono kama mtu anayeziba mlango.

"Nipe muda kidogo."

"Wa nini?"

Midomo ilimcheza shemeji. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia na sikutaka kumwona, nikaangalia pembeni.

Dada ndiye aliyesogea. Alimshika mumewe kiunoni, taratibu, akamtoa pale.

"Baba yake," alimwita. Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo. "Nimechoka. Na wewe umechoka. Yule mama wa mboga ana watoto wanaomngoja. Nionyeshe pa kubonyeza."

"Mimi siwezi."

"Najua. Nionyeshe tu."

Akakichukua kidole cha mkewe, akakiweka juu ya kitufe. Wakakaa hivyo. Nje mtu alikuwa akifagia. Dada akabonyeza.

Dirisha la kompyuta ya ndani likafungika. Ya nje ikabaki inawaka, kioo kitupu, cha buluu. Shemeji akaanza kufuta kila kitu: programu, mfumo, ile saa. Alifuta kwa muda mrefu. Dada alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, amekumbatia tumbo, jasho likimtiririka hadi shingoni. Mama Usipumue alimpepea na bahasha ya picha.

Kisha dada akalegeza mikono.

"Ametulia," alisema.

Chumba kile kikafungwa. Wagonjwa wote waliopigwa picha kipindi kile waliitwa mmoja mmoja na kuelekezwa hospitali kubwa. Mama Usipumue aliwatembelea wengine majumbani mwao. Muuza mboga alipata matibabu na akapona, ingawa kwa taabu. Dada alilala sana. Alipoamka alirudi kwenye cherehani, na kiuno kilimuuma kama zamani, nasi tukashukuru kwa maumivu hayo ya kawaida.

Ni shemeji ambaye hakupata nafuu. Alisema amelemewa. Hakuwa na homa, hakukohoa, ila alitembea ameinamia upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo. Tukampeleka hospitali kubwa. Kule kila kitu ni kipya: jengo, mashine, programu, saa ukutani ya leo. Akaingia chumba cha picha peke yake. Mimi na dada tulimwona akiingia, na mlango mzito ukifungwa nyuma yake.

Daktari alikuwa kijana, mkali kidogo. Alitoka na picha mkononi, akatutazama mimi na dada, akatafuta kitu nyuma yetu.

"Mtoto mmempeleka wapi?"

"Mtoto gani, daktari?"

"Jamani, si kuna bango mlangoni? Hairuhusiwi kuingia na mtoto kwenye mionzi. Anaumia!" Akainua picha kwenye mwanga wa dirisha. "Ona. Picha yote ameiharibu."

Mbavu za shemeji zilikuwa sawa. Moyo ulikuwa mahali pake. Juu ya bega la kushoto palikuwa na fuvu dogo, limelala kwa ubavu, na mkono mwembamba umeizunguka shingo yake. Vidole vilikuwa vimekunjwa, kama vya mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Dada alimpokea daktari ile picha, akaikunja kwenye khanga yake.

Shemeji yupo hai. Ameanza kazi tena, kidogo kidogo. Ila tangu siku hiyo hulalia upande wa kulia tu, na dada akimpita usiku kwenda kunywa maji, hukanyaga polepole.